Mashine Iliyomwandika Hai

Édouard Bisimwa alikata roho saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni, Jumanne moja ya Februari 2010, na mashine iliyochomekwa tumboni mwake haikupata habari. Iliendelea kuandika. Dakika ya arobaini na sita: sukari 5.8. Dakika ya hamsini na moja: 5.7. Daktari alikuwa ameshavua glavu, mkewe alikuwa anapigiwa simu nyumbani kule Vårby gård, Uswidi, na mashine bado inaandika 5.7, namba ya mtu mwenye afya zake aliyekula akashiba. Kila baada ya dakika tano, bila kukosa, hadi muuguzi wa zamu iliyofuata alipokumbuka kuibandua. Namba kumi na moja kwa jumla. Inspekta Colombe Niyonkuru alizihesabu.

Siku sita alikuwa anakula na kulala na karatasi zilizochapwa namba hizo, na sasa zilikuwa zimemganda. Asubuhi ile alipotoka nyumbani aliangalia kipimajoto cha dirishani akasoma 5.7. Alishtuka, akaangalia tena. Kilisema nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Akajiambia hata yeye sasa anahitaji likizo, akapanda treni kwenda hospitalini.

Faili lenyewe lilikuwa fupi. Bisimwa, miaka hamsini na miwili, mtu wa Bukavu, kazi yake kuondoa theluji kwenye mapaa. Utumbo ulipasuka, akafanyiwa upasuaji, uchafu ukaingia kwenye damu, akalazwa mahututi akiwa kwenye usingizi wa dawa. Wagonjwa wa namna hiyo sukari hupanda hata kama hawajawahi kuwa na kisukari, kwa hiyo alikuwa anatiwa insulini kidogo kidogo kwa pampu. Na wodi ilikuwa inajaribu kifaa kipya: kijiwaya chembamba chini ya ngozi ya tumbo, kinachosoma sukari mchana kutwa usiku kucha, ili mgonjwa asitobolewe kila saa.

Saa kumi na dakika thelathini na tano muuguzi Gaudiosa Rwegasira alipandisha insulini kutoka yuniti mbili kwa saa hadi tisa. Saa mbili baadaye moyo ulisimama. Damu iliyochukuliwa pale pale na kupelekwa maabara ilisema sukari ni 1.1, na kwenye 1.1 ubongo na moyo vinakaa bila chakula. Mashine, dakika hiyo hiyo, ilisema 6.1.

Gaudiosa alikuwa mahabusu tangu Alhamisi. Kesho saa sita mchana mwendesha mashtaka angempeleka mbele ya jaji kwa kuua kwa makusudi, na sababu anayo mkononi. Miezi mitatu nyuma, mbele ya kanisa zima kule Bredäng, marehemu alisema mwanawe Heshima hatamuoa Stellah, binti wa Gaudiosa, labda yeye awe ameshakufa. Washirika watatu waliyarudia maneno hayo kwa polisi bila hata kuulizwa mara mbili. Wa kwanza alikuwa mjane mwenyewe, aliyemwita Gaudiosa muuaji.

Kiprono, fundi wa vifaa vya hospitali, alimpokea Colombe kwenye karakana yake chini ya ardhi. Alikuwa Mkenya mrefu, mpole, na meza yake ilijaa mashine zilizofunguliwa matumbo.

“Madam, karibu. Umekunywa chai?”

“Nionyeshe kwanza, chai baadaye.”

“Haya, sikiza. Hii kitu haijui sukari. Inajua umeme peke yake.” Alimgeuzia kompyuta. “Sukari ikiwa mingi kwa mwili, waya inatoa umeme mwingi. Lakini umeme si namba. Lazima mtu aiambie, umeme huu leo ni sukari kiasi hiki. Kwa hivyo nurse anachukua damu, anaipima na mita ya kawaida, halafu anaandika jibu kwa mashine na mkono wake. Hapo mashine inajipanga upya. Ukiidanganya saa hiyo, itakudanganya mpaka jioni.”

“Na Gaudiosa aliiandikia kumi na saba.”

“Eeh. Na hao wakubwa wako wanasema aliibuni, apate sababu ya kuongeza insulini?”

“Ndiyo hivyo hivyo.”

“Sasa ona umeme wenyewe, kabla haujageuzwa namba.”

Mstari ulinyooka tangu adhuhuri hadi saa kumi na nusu. Haukupanda hata kidogo. Baada ya hapo ulianza kushuka, taratibu, kisha kwa kasi, mpaka mwisho. Tumbo la Bisimwa halikuwahi kuona sukari ya kumi na saba. Lilikuwa na saba, na baada ya insulini kuongezwa likawa linaishiwa, huku kioo kikizidisha kila kitu zaidi ya mara mbili na kuwaambia wauguzi mambo ni mazuri.

Colombe alishika tama. “Kiprono, hii inamzamisha mama wa watu. Kama mwilini haikuwemo, kumi na saba ameitoa wapi?”

“Hata mimi niliona hivyo. Mpaka jana.” Alifungua droo akatoa mita ndogo ya kupimia kidole, ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri. “Wodi iko na mita sita, zote zinafanana, hakuna aliyejua ni gani. Nimefungua kumbukumbu zote sita. Angalia. Saa kumi na dakika ishirini na mbili, 17.1. Akaiandikia mashine, mashine ikakataa, ikasema hii iko mbali sana na ninachoona, nipimie tena. Dakika ya thelathini na moja, 16.8. Mashine ikakubali.”

“Kwa hiyo hakubuni.”

“Hakubuni. Aliambiwa arudie na akarudia. Tone la damu kwa kidole lilisoma hivyo, mara mbili.”

“Tumbo saba, kidole kumi na saba. Mtu mmoja, dakika moja. Inawezekana?”

Kiprono alikuna kidevu. “Mtu akiwa mahututi, tumbo na damu hazielewani sana. Damu haifiki kwa ngozi, mwili umevimba, waya inachelewa dakika ishirini na zaidi. Ndiyo sababu ile 6.1 wakati anakufa: kioo kilikuwa kimepotoshwa, halafu pia kiko nyuma. Mimi niliwaambia hii kitu isipelekwe wodi ile bado, wakaniambia mimi ni fundi. Lakini kuchelewa hakuleti tofauti ya kumi, na waya haikuwa imeona kitu. Hapana. Shida iko kwa kidole.”

“Mwendesha mashtaka atasema alikidondoshea sukari makusudi.”

“Atasema. Hiyo sasa ni kazi yako, madam.”

Colombe alitia sahihi kuchukua mita, akaondoka bila chai.

Gaudiosa Rwegasira aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na nguo za mahabusu, kijani, kubwa kuliko yeye. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Bukoba, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa muuguzi. Wakili wake alikaa pembeni na mkalimani alikuwa anawanong'onezea wakili na kinasa sauti Kiswidi. Mambo yote kwa utaratibu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza yale yale?”

“Nimekuja kuuliza mapya. Kwa nini ulipima kidole? Utaratibu unasema damu itoke kwenye mrija wa mshipa.”

“Mrija uliziba saa kumi kasoro. Nikamwita daktari aweke mwingine. Yuko kitanda namba mbili, anamkandamiza mtu kifua, atakuja saa ngapi? Fomu inasema mrija usipofanya kazi, tumia kidole.” Alicheka kwa uchungu. “Kwa mgonjwa wa hali ile, kidole hakiaminiki, kila muuguzi anajua. Fomu haijui.”

“Mkono upi?”

“Kushoto. Wa kulia ulikuwa na bandeji, ndiko mrija ulikokuwa.”

“Na mara ya pili?”

“Kushoto tena. Kidole cha pili yake.”

“Ulimnawisha?”

Wakili alimtazama Gaudiosa, akataka kusema neno, yeye akamzuia kwa kiganja.

“Nilifuta kwa pamba ya spiriti. Maji na sabuni sikutumia. Tunafundishwa maji, na mimi mwenyewe nawafundisha wanafunzi maji. Lakini kengele zinalia huku na huku, nikasema spiriti inatosha. Kosa hilo ni langu. Andika.”

“Ulipoushika mkono wake, ulikuwaje?”

“Ulikuwaje vipi?”

“Wowote utakavyokumbuka.”

“Naukumbuka sana. Nikilala nauona huo mkono, si uso, mkono. Siku alipoletwa viganja vilikuwa vimepasuka mpaka vinakwaruza glavu zangu, kazi ya baridi ile. Siku ya Jumanne ulikuwa laini, makucha yamekatwa vizuri. Nikasema moyoni, afadhali, mkewe anamtunza.”

Colombe aligeuza kurasa za faili. Alikumbuka ripoti ya daktari wa maiti, mstari aliousoma mara tano bila kuusikia: nyufa za zamani viganjani, ngozi juu yake imelainika. Kuna mtu alikuwa anaipaka kitu. Alitamani jibu la swali lililofuata liwe jingine lolote.

“Nani alikuwa naye kabla hujampima?”

“Mkewe. Orpha. Alitoka kama saa kumi na dakika kumi. Alinipita mlangoni hakunisalimia. Tangu yale maneno ya kanisani hanisalimii.”

“Na wewe yale maneno hayakukuuma?”

“Yaliniuma, tena sana. Mwanangu Stellah alilia wiki nzima.” Gaudiosa aliinama mbele, macho makavu. “Lakini yule baba nilimwogesha siku sita, nikamgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda. Ningetaka afe ningehangaika hivyo kwa ajili gani?”

Mkalimani alimaliza kutafsiri. Colombe alizima kinasa, akataja saa, akatoka.

Vårby gård giza lilikuwa limeshaanza kuingia, na ilikuwa haijatimia saa kumi na moja. Orpha alifungua mlango kabla kengele haijalia mara ya pili. Mlangoni palikuwa na viatu vikubwa vya kazi, chumvi ya barabarani bado imeganda kwenye ngozi yake, na hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

“Karibu, dada. Ingia, baridi isikuue. Heshima iko kazini.” Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na minane, kitenge cheusi kichwani, macho yamevimba. Alimimina chai kabla Colombe hajakaa. “Bon, niambie. Wanamufunga lini?”

“Kesho saa sita jaji ataamua.”

“Mungu ni mukubwa. Aoze kule.” Alikaa. “Mi silali, unajua? Naisikia ile mashine yake. Tii, tii. Naamka, nakuja mpaka hapa jikoni, kumbe ni friji. Naikaripia kama mutoto.”

Colombe alijua vizuri anachosema. Alifungua daftari. “Mama Heshima, nisimulie Jumanne. Ulipokuwa naye, ulifanya nini, kwa utaratibu, kama vile mimi nilikuwa nimesimama pale.”

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Polisi wa kwanza walitaka habari za kanisani tu. Uso wa Orpha ulilegea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mke.

“Nilifika saa nane. Nikamusalimia, hata kama halali usingizi wa kweli, wanasikiaka. Nikamusomea Zaburi. Nikamukata makucha. Kisha nikatengeneza mikono yake.”

“Ulitengenezaje?”

“Na asali.”

Kalamu ya Colombe ilisimama.

“Asali ya kwetu, siyo hii ya duka. Mama mukwe anatutumiaka na watu wa ndege. Yeye ndiye alinifundishaka: mukono wa mwanaume ukipasuka, paka asali, ngoja, ngozi inarudi kuwa ya mutoto. Kila baridi, miaka kumi na moja tuko hapa, kila baridi mi namupakaa. Lakini hospitali hawapendi vitu vyetu. Nilileta mafuta ya nazi siku ya pili, wakanikataza. Sasa asali nilitia ndani ya kachupa ka dawa ya macho, nikaficha huku.” Aligusa kifua, karibu atabasamu. “Nikapaka kidole kimoja kimoja. Nikangoja. Halafu nikafuta na kitambaa, vizuri-vizuri, wasione.”

“Kitambaa chenye maji?”

“Kikavu. Maji inaondoa nguvu yake.”

Colombe aliandika kila neno. Aliandika polepole kuliko ilivyohitajika. Maelezo hayo, pamoja na mita ya Kiprono, yangemtoa Gaudiosa, na bila maelezo hayo asingetoka, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona. Kilichobaki ni saini. Orpha alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kalamu, amefurahi kusikilizwa. Angetia saini bila swali, na Colombe angekuwa kwenye treni kabla chai haijapoa. Alitaka hivyo. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

“Ngoja,” alisema. “Kabla hujatia saini, nikwambie karatasi hii ni ya nini.”

“Si ya kesi yake?”

“Ya kesi yake. Ulipotoka, mrija wa damu ulikuwa umeziba. Wakamtoboa kidole kupima sukari. Ngozi ilikuwa bado na asali, pamba ya spiriti haikuitoa yote. Mita ikasoma asali, ikasema kumi na saba. Gaudiosa akaamini ni damu, akaiandikia mashine, akaongeza insulini. Mashine ikawa inawaambia sukari ipo, nayo ilikuwa inakwisha.”

Orpha alimtazama kama anangojea mwisho wa utani. “Asali? Asali inaua mutu?”

“Asali haikumuua. Insulini ndiyo iliyomuua. Waliiongeza kwa sababu ya ile namba.”

“Kidole gani?”

“Mama Heshima, si...”

“Nimekuuliza kidole gani.”

“Viwili. Mkono wa kushoto.”

Orpha aliweka kikombe mezani, kikakosa sahani, chai ikamwagika na hakuna aliyeifuta. Aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto akautazama, upande huu, upande ule.

“Kushoto ndiyo ilipasuka zaidi,” alisema. “Kushoto nilirudia.”

Kisha akalia, na Colombe, aliyeona vilio vingi kwenye kazi ile, alishindwa kumtazama. Kilikuwa kilio cha chini, cha kuzuia majirani wasisikie. Kiliendelea muda mrefu. Kilipokoma kilikuja na hasira.

“Sasa juu ya nini uliniambia? Ungechukua saini yako uende! Ungenihurumia!”

“Ungekuja kuyasikia mahakamani. Mbele ya kanisa zima, kutoka kwa mtu asiyemjua Édouard.”

Orpha aligeukia dirisha.

“Na si wewe peke yako,” Colombe alisema haraka. “Mrija uliziba. Daktari hakuja. Fomu iliruhusu kidole. Gaudiosa hakutumia maji, amekiri mwenyewe. Kifaa chenyewe hakikufaa kwa mgonjwa wa hali ile. Makosa yako mengi humu, lako ni...”

“Usinipunguzie.” Orpha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Nisomee uliyoandika. Yote. Polepole.”

Colombe alisoma. Akafika kwenye asali.

“Hapo umekosea,” Orpha alimkatiza. “Umeandika nilipaka mukono. Ni mikono, yote mbili. Na andika kushoto ilikuwa mara mbili.”

“Si lazima hilo liwemo.”

“Itamusaidia yule mama, ao haitamusaidia?”

“Itamsaidia.”

“Andika.”

Colombe aliandika. Orpha alitia saini jina lake lote, herufi moja moja, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza mbali na chai iliyomwagika.

“Jaji akikubali, wanamufungulia saa ngapi?”

“Saa sita, labda na nusu. Anatokea mlango wa upande. Familia yake watamsubiri pale.”

“Na mimi nitakuwa pale.”

“Mama Heshima, fikiri kwanza. Binti yake atakuwepo. Wana hasira. Wanaweza hata kukutemea mate.”

“Wacha wateme,” alisema Orpha. “Mi ndiye nilimwita muuaji.”